Ukuta Uliojengwa kwa Siku Moja

Tarehe 2 Juni

Mganga wa zahanati amenipa daftari hili. Anataka niandike kila siku goti linauma vipi, asubuhi kabla ya kupanda na jioni baada ya kushuka. Nikamwambia, "Daktari, goti hili limepanda mlima ule mara elfu sita." Akasema, "Ndiyo maana nakupa daftari." Watu wa siku hizi hawana hata adabu ya kushangaa.

Basi naandika. Goti la kulia. Linauma kama mtu anayebisha hodi na hafunguliwi.

Kwa kuwa kurasa ni nyingi na goti ni moja, nitaandika na mengine. Mimi ndiye mwongoza wageni mkongwe kuliko wote katika bonde hili. Miaka ishirini na miwili, na sijapoteza mgeni hata mmoja, isipokuwa yule aliyerudi mwenyewe siku ya tatu, na huyo hahesabiki. Shule niliishia darasa la tano, lakini nimewapandisha maprofesa, na waliokuwa wakiuliza maswali ni wao, wa kujibu nilikuwa mimi. Naishi kwenye nyumba ya wageni ya mpwa wangu: vyumba sita, paa la bati, shuka nyeupe ambazo anazifua mwenyewe kwa mkono. Yeye huniita Mjomba. Wageni wakamsikia, na sasa dunia nzima inaniita Mjomba. Mama yake, dada yangu mkubwa, anakaa chumba cha nyuma karibu na jiko. Kazi yake ni kuchambua maharage na kusikia kila kitu.

Tarehe 3 Juni

Goti: vilevile. Ukungu hadi saa sita. Hakuna mgeni.

Tarehe 4 Juni

Goti: vilevile. Wageni wawili. Walifika darajani, wakapiga picha, wakarudi.

Tarehe 7 Juni

Leo wageni tisa, wote na fimbo mbilimbili za kutembelea kama buibui. Nimewapitisha njia yangu yote: daraja la magogo, pango, ukuta, kisha juu kabisa kwenye maporomoko ya maji. Kwenye daraja nilikuwa naumwa. Kwenye pango nilikuwa naumwa zaidi. Lakini nikifika ukutani, sijui nini hutokea, maumivu hukaa pembeni kwanza.

Ukuta wenyewe ni hatua mia mbili na kumi, umefika kifuani kwa mtu mzima, mawe matupu bila tone la saruji, umeishikilia ile miteremko ya juu isije ikashuka yote kwetu. Na kwenye mawe kuna alama, mistari mifupi mifupi iliyochongwa. Hapo nikasimama, nikavua kofia, nikangoja wanyamaze.

"Babu wa babu yangu," nikawaambia, "alikuwa mtu ambaye kuku walikuwa wakilala kivulini mwake wakidhani jua limezama. Siku moja akasikia adui wanapanda upande wa pili. Akawaita mashujaa arobaini. Jua linachomoza, hapa ni nyasi tupu. Jua linazama, ukuta huu hapa, kama mnavyouona. Na kila mstari kwenye jiwe ni adui mmoja aliyefika na hakurudi kwao."

Mama mmoja aliyekuwa ameweka kiganja kwenye jiwe akakiondoa haraka. Kisha wakapiga makofi, wote tisa. Nakwambia, makofi yale ni dawa. Tatizo ni kwamba baada yake kuna kushuka.

Jioni goti limevimba kama boga. Mpwa wangu amelifunga kwa kitambaa cha maji ya moto akisema, "Mjomba, una miaka hamsini na saba." Kana kwamba nilimuuliza.

Tarehe 9 Juni

Goti: baya. Upepo.

Tarehe 16 Juni

Siku kubwa. Amekuja mwanamke kutoka ofisi ya mambo ya kale, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, buti mpya. Tumeshampa jina, Mama Miwani. Ofisi yao itasimika vibao vitatu njiani kabla mvua hazijaanza: cha pango, cha ukuta na cha maporomoko. Vibao vya chuma, maandishi ya kudumu, watoto wa shule wataletwa kusoma. Kila kibao kitakuwa na maneno ya mtu mmoja wa bonde, na jina la mtu huyo chini.

Alitusikiliza waongozaji wote, mmoja mmoja. Pango akampa Mrefu, yule kijana mwenye miguu kama ngazi na maelezo kama orodha ya dukani. Ukuta amenipa mimi. Aliandika kila neno. Nilipofika kwenye mashujaa arobaini alinyanyua kichwa akauliza, "Arobaini kamili?" Nikasema, "Mama, arobaini na mmoja ukimhesabu yeye mwenyewe."

Chini kitaandikwa: Kwa maelezo ya Mjomba. Nimeyaona maandishi yale kichwani kutwa nzima. Baba yangu alikufa bila jina lake kuandikwa popote ila kwenye cheti.

Jioni mpwa wangu alikuwa anaanua shuka. Akaniuliza kupitia katikati ya shuka mbili, "Mjomba, umemwambia nini yule mama?"

"Nilichowaambia watu miaka yote."

"Cha mashujaa?"

"Kuna kingine?"

Akakunja shuka, akaikunja tena, ndogo kuliko kawaida. "Na mama yangu anajua?"

Nikaingia ndani. Nilikuwa na goti la kushughulikia.

Tarehe 17 Juni

Goti: vilevile.

Tarehe 21 Juni

Nitaandika, maana daktari hana shida na haya, na mtu mwingine halisomi.

Mpwa wangu ana neno. Ukuta haukujengwa na babu wa babu yangu. Nilikuwa na miaka mitano mlima ulipokatika na udongo ukafunika mashamba ya juu. Wanaume walikuwa mbali kwenye mashamba ya watu. Waliojenga ni wanawake. Walibeba mawe kutoka mtoni kwa mgongo, ukanda umepita kwenye paji la uso. Kila mwanamke alikuwa na kipande chake cha ukuta, na aliweka alama yake kwenye kila jiwe alilobeba, ili jioni pasiwe na ugomvi wa nani kafanya na nani kakaa. Hiyo ndiyo mistari. Dada yangu alikuwa msichana wa miaka kumi na sita. Mama yangu alikuwepo. Mimi nilikuwa nalala kwenye khanga chini ya mti nikinyonya kidole.

Wazee waliobaki wanajua. Wamenyamaza kwa sababu wageni wakija kuona ukuta wa mashujaa, huku chini watu wanauza ndizi na asali. Dada hajui ninachosema kule juu, kwa sababu kifua chake hakimruhusu kupanda. Au labda anajua.

Mwambie mgeni aliyevuka bahari kwamba wanawake walibeba mawe. Atasema "Ooh." Atatazama saa.

Tarehe 30 Juni

Goti: nafuu kidogo. Wageni kumi na moja.

Tarehe 8 Julai

Waendesha baiskeli za milimani, vijana sita, kofia kama mayai. Niliwaambia nitawatangulia kwa miguu hadi maporomokoni kwa njia ya mkato, na niliwatangulia. Sikuwaambia kwamba mnyororo wa mmoja ulikatika, wakamngoja nusu saa. Goti: nisiulizwe.

Tarehe 12 Julai

Vumbi. Majani ya misonobari yamekauka, njia inateleza kama sabuni. Mashujaa leo wamekuwa sitini. Sijui waliongezekaje, walinitoka tu mdomoni.

Tarehe 19 Julai

Kilichoogopewa kimekuja, tena kwa miguu yake. Mama Miwani amepita hapa nyumbani kunywa chai na kunisomea maneno ya kibao kabla hajayapeleka kwa mchoraji. Akaketi barazani, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ile ya watu waliosoma, kila neno limenyooka. Mashujaa arobaini. Siku moja. Adui. Dada alikuwa hatua tano tu, ungo mapajani, mkono ukaacha kutembea kwenye maharage.

Mama Miwani akauliza, "Na wewe bibi, uliwahi kuisikia kwa wazee wako?"

Dada akasema, "Hii ndiyo mara ya kwanza." Akaendelea kuchambua.

Mgeni alipoondoka, dada hakuninyanyulia macho. "Umesema wangapi?"

"Arobaini. Ni hadithi tu, dada, wageni wanapenda..."

"Tulikuwa kumi na tisa."

"Dada..."

"Kumi na tisa. Kipara cha mama hapa mbele," akajigusa paji la uso, "pale ukanda ulipompitia, unakikumbuka au nacho kilitokana na adui?"

Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, hajui aingie au atoke.

"Nenda kamwambie yule mama," dada akasema. "Kabla hajaandika. Mimi siwezi kupanda mlima wala kwenda mjini. Wewe unaweza. Nenda kamwambie."

Nikamwambia ukweli wa kazi yangu. Nikamwambia nikikiri kwamba nimedanganya miaka ishirini na miwili, nani atapanda na mimi? Watamfuata Mrefu. Nina goti moja zima na hadithi moja nzuri, ukiniondolea hadithi nabaki na nini?

Akatikisa ungo, akapuliza maganda. Kisha akageukia mlangoni, "Mwanangu, mwambie mjomba wako chai yake inapoa."

Chai ilikuwa mbele yangu. Dada alikuwa mbele yangu.

Tarehe 20 Julai

Dada hajasema nami. Goti: vilevile.

Tarehe 21 Julai

"Mwambie mjomba wako asisimamishe buti zake mlangoni mwangu." Nilikuwa nimezivaa.

Tarehe 26 Julai

Dada hajasema nami. Wageni wanne, mmoja akatapika pangoni.

Tarehe 3 Agosti

Baridi ya asubuhi inaingia mpaka kwenye mfupa. Nimeanza kuamka na fimbo. Mpwa wangu anapeleka ujumbe kati yetu kama posta, na leo amechoka, ameweka ndoo chini akasema, "Mimi nina vyumba sita vya kufagia. Semezaneni au mwandikiane barua." Dada akasema, "Mwambie hana haja ya barua, ana kibao."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Zamani tungecheka wote wawili mpaka aanze kukohoa.

Tarehe 5 Agosti

Wageni wanane. Makofi. Yamenipita kama mvua ya nyumba ya jirani.

Tarehe 11 Agosti

Goti: baya asubuhi, baya jioni.

Tarehe 14 Agosti

Leo si habari za goti, daktari anisamehe.

Nilikuwa na mgeni mmoja tu, mzee mnene wa suruali yenye mifuko mingi, anapumzika likizo na mkewe aliyebaki chini kusoma kitabu. Ukutani nikavua kofia, nikamwaga hadithi yote. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Hakupiga makofi. Akasema, "Mimi ni fundi mwashi. Miaka arobaini najenga kwa mawe. Unaniruhusu niutazame kidogo?"

Akaanza kutembea polepole ukingoni mwa ukuta, mkono mmoja mgongoni, kama daktari wodini. Akawa anasema, bila ubishi, kana kwamba anasoma gazeti. "Hapa alijenga mtu mfupi, ameanza na mawe madogo. Hapa ni mtu mwingine, mrefu, huyu hana subira. Hapa ni mtoto au msichana, mawe mepesi lakini yamekaa vizuri kuliko yote. Hii si kazi ya siku moja, ndugu yangu. Tazama, kipande hiki kilinyeshewa kabla hiki hakijawekwa."

Nikasema, "Mashujaa walikuwa wa kila aina."

Akatabasamu. Akaenda mbele zaidi, akasimama. Akainama, akapapasa alama za jiwe moja, akarudi jiwe la nyuma, akasogea tena.

"Huyu amenishangaza," akasema. "Alama yake ni mistari mitatu. Mpaka jiwe hili mistari inalalia kulia. Kuanzia jiwe hili inalalia kushoto, na inatetemeka. Mpaka mwisho wa kipande. Mtu huyuhuyu, alama ileile. Alibadili mkono."

Akanitazama. "Aliumia, akarudi kumaliza kwa mkono mwingine. Hiyo ndiyo hadithi ningependa kusikia."

Mistari mitatu ni alama ya mama yangu.

Mwaka wa pili wa ujenzi jiwe lilibingirika likamvunja mama mkono wa kulia. Hilo nalijua, nililia sana, wakanipeleka kwa bibi ng'ambo ya mto, nikakaa huko mwaka mzima. Niliporudi ukuta ulikuwa umekwisha na mkono wa mama haukunyooka tena. Alinilisha kwa kushoto, alinichapa kwa kushoto. Miaka yote nilijua kwamba baada ya kuvunjika alikaa nyumbani. Hakuna aliyeniambia vingine, nami sikuuliza.

Na nitaandika na hili. Nilipoanza shule watoto walimwita mama Kiwiko. Siku ya tatu nikawaambia: mama yangu alipigana na chui. Chui alimng'ata mkono, mama akamnyonga kwa ule mwingine. Wakanyamaza. Walinipisha njia wiki nzima. Ndio uongo wangu wa kwanza uliofanya kazi. Mama aliusikia kwa mwalimu. Nilingoja kipigo. Aliniuliza tu, "Chui alikuwa mkubwa?" Nikasema, "Mkubwa sana." Akasema, "Haya," akaendelea kuosha vyombo, kwa kushoto.

Tangu siku hiyo sijawahi kusimama mbele ya watu bila chui.

Tarehe 15 Agosti

Nilimwambia mpwa wangu, "Muulize mama yako: mama alirudi ukutani baada ya kuvunjika?"

Dada, kutoka jikoni, bila hata kungoja posta: "Mwambie mjomba wako akawaulize mashujaa wake."

Tarehe 16 Agosti

Goti: sijui. Sikuliangalia.

Tarehe 29 Agosti

Wageni wanapungua. Nawapitisha ukutani haraka, nasema "huu ni ukuta wa zamani," naendelea. Mmoja alinishtaki kwa mpwa wangu: rafiki yake mwaka jana alipata hadithi, yeye kwa nini hakupata?

Tarehe 10 Septemba

Nimekwenda mjini, saa mbili kwenye gari la mboga, goti limekunjwa katikati ya kabichi. Nimekwenda kusema.

Ofisi ya mambo ya kale ni chumba kimoja chenye meza mbili na feni isiyozunguka. Mama Miwani alifurahi kuniona kama vile mimi ndiye mkuu wake wa kazi. "Mjomba! Umekuja kukiona!" Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya mlango.

Kilikuwa kimekwisha. Kimeegemezwa ukutani, kijani, maandishi ya njano. Herufi zimesimama sawasawa kama askari. Chini kabisa: Kwa maelezo ya Mjomba. Nililisoma jina langu mara tatu. Rangi bado ilikuwa inanukia.

"Kuna cha kubadili?" akaniuliza.

Nikasema, "Njano imekolea vizuri."

Nikarudi. Kwenye gari nilikaa juu ya viazi.

Tarehe 11 Septemba

Dada hajasema nami. Hakuuliza hata nilikwenda kufanya nini. Aliniwekea maji ya moto ya goti nje ya mlango, ndoo imefunikwa na sahani. Sikumwona akiiweka.

Tarehe 13 Septemba

Goti: vilevile. Mawingu ya kwanza, yamepita.

Tarehe 18 Septemba

Kibao kitasimikwa tarehe ishirini na saba. Mrefu amenipongeza. "Mjomba, sasa huwezi kufa, umeshaandikwa kwenye chuma." Alisema kwa moyo safi, na hilo ndilo lililonichosha.

Tarehe 22 Septemba

Joto. Hakuna mgeni. Nilijaribu kuisema sentensi moja peke yangu, ukutani, hakuna mtu. "Ukuta huu ulijengwa na wanawake kumi na tisa." Kuwasimulia watu chui ni rahisi zaidi, nakwambia.

Tarehe 27 Septemba

Usiku mzima nilidhani mvua itaniokoa. Asubuhi anga likawa safi kama sahani.

Walikuwepo waongozaji wote, mwalimu na wanafunzi kama thelathini, Mama Miwani, mafundi wawili wa kuchimba mashimo ya nguzo. Mimi nilivaa koti. Tukiwa tunangoja zege likazane, niliwaona wanapanda: mpwa wangu mbele amebeba kiti cha plastiki kichwani, nyuma yake mabibi vikongwe wawili wa bonde la chini, kila mmoja na fimbo, na nyuma kabisa dada yangu. Hatua tano, anasimama, anahema. Hatua tano, anasimama. Walikuwa wameanza safari hiyo alfajiri. Nilitamani kwenda kumshika mkono, lakini miguu haikutoka. Mpwa wangu akaweka kiti mbele ya ukuta. Dada hakukikalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe fulani, akaliwekea kiganja, akabaki hivyo, anatafuta pumzi.

Mama Miwani akapiga makofi watu wanyamaze. "Sasa Mjomba mwenyewe atatusimulia, halafu tutafunua kibao."

Nikavua kofia. Nikasema, "Babu wa babu yangu..." Maneno yalikuja yenyewe, yalikuwa yamepanga mstari. Nikafika kwenye kuku waliolala kivulini. Watoto wakacheka. Nikawaona wale vikongwe wawili, nao wamenyanyua nyuso kunisikiliza kwa adabu, kama wageni. Kama vile hawajawahi kufika hapa.

Nikasimama katikati.

"Nimedanganya," nikasema. "Hakukuwa na babu. Hakukuwa na adui. Kibao hiki ni uongo, na mwenye uongo ni mimi. Ukuta huu walijenga wanawake kumi na tisa. Walibeba mawe kwa mgongo kutoka mtoni, misimu miwili..."

"Mitatu."

Ilikuwa sauti ya dada. Hakugeuka, kiganja bado jiweni.

"Misimu mitatu. Wa tatu wewe ulikuwa kwa bibi. Hata ukweli hujui kuusema."

Mtu mmoja akacheka, nadhani Mrefu, kisha wengi. Mimi mwenyewe nilicheka, sijui kwa nini macho yaliloa. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu Julai.

Mama Miwani hakucheka. Aliniita pembeni nyuma ya misonobari. "Miezi mitatu!" akasema. "Nimekuuliza mara tatu. Nimekusomea neno kwa neno. Ukaja mpaka ofisini ukanisifia rangi!" Nikasema ndiyo, mama. Akasema jina lake sasa litakuwa wapi mbele ya wakubwa wake, na kibao kingine hakuna mpaka mwakani, kama kitakuwepo. Nikasema ndiyo, mama. Akasema vikundi vya shule atampa Mrefu. Hapo nilikawia kidogo, kisha nikasema ndiyo, mama. Akavaa miwani, akafungua daftari lake kwenye ukurasa mweupe, akaniacha pale, akaenda kuchuchumaa mbele ya dada yangu.

Walikaa mpaka jua likawa utosini, likapita. Nilisogea nisikie. Dada akaniambia, "Wewe kaa chini. Leo husemi."

Nikakaa chini. Mafundi wakakibeba kibao wakashuka nacho, maandishi yakitazama ardhi.

Tarehe 28 Septemba

Goti: baya. Dada: "Chai inapoa." Kwangu mimi, bila posta.

Tarehe 4 Oktoba

Ananifundisha. Kila jioni, barazani, yeye na ungo, mimi na maji ya moto. Wanawake kumi na tisa kwa mpangilio wa vipande vyao, kutoka upande wa mtoni. Mke wa mhunzi. Mama wa mapacha. Yule mgumba aliyebeba kuliko wote. Wawili waliokuwa wake wa mwanamume mmoja na hawakusalimiana, vipande vyao vinapakana na pana ufa katikati. Nikikosea ananirudisha mwanzo. "Shule uliacha darasa la tano," anasema, "naona kwa nini."

Nilimuuliza la mama. Akasema alirudi msimu wa tatu, mkono umefungwa kifuani, kila mtu akamkataza. Alisema kipande chake hatamwachia mtu. "Kwa nini hamkuniambia?" Akasema, "Wewe ulikuwa na chui wako. Mama alikataza tukunyang'anye."

Tarehe 9 Oktoba

Mrefu amepanda na wanafunzi sitini. Nimewaona wakipita dirishani. Nimefika wanawake kumi na wawili.

Tarehe 13 Oktoba

Manyunyu. Kumi na wanne.

Tarehe 17 Oktoba

Mvua imekuja kweli, imechelewa ila ina nguvu. Wageni wa mwisho wa msimu: mume na mke, makoti ya plastiki, wanataka maporomoko ya maji tu, wana haraka. Niliwasimamisha ukutani. Sikuvua kofia, maji yalikuwa mengi. Nikaanza upande wa mtoni, jiwe kwa jiwe, natembea nao. Mke wa mhunzi. Mama wa mapacha. Hawakusema "Ooh". Mume alitazama saa mara moja. Mke alikuwa anagusa kila kipande ninachokitaja, anapita na kidole, anangoja kinachofuata.

Kwenye kipande cha kumi na tano nikakwama. Nilikumbuka alama yake, mistari miwili iliyokatana. Mwenyewe alikuwa nani, sikumkumbuka, maji tupu yanateremka kwenye mawe.

"Na huyu?" mke akauliza.

Nilikuwa nao watatu wa kubuni mdomoni, wazuri, mmoja alikuwa amezaa mtoto palepale ukutani akaendelea na kazi. Wangepiga makofi hata kwenye mvua ile. Nikawameza wote watatu.

"Simjui," nikasema. "Nikishuka nitamuuliza dada."